Haloo na Sentensi ya Mwisho

Kitu kilichojificha chini ya kitanda hakipatikani kwa kusimama wima kama mlingoti. Utapiga magoti, utameza vumbi, na pengine kichwa kitagonga ubao. Hayo aliyajua vyema mpokea simu mmoja wa zahanati, mwanamke ambaye watu wote walimwita Haloo.

Haloo alitaka kuingia chuo cha makarani wa mahakama. Mtihani wa kuingilia ulikuwa na sehemu moja iliyomtoa kijasho chembamba: unapewa hoja fupi, nawe utafute hitimisho lake kuu. Sehemu hiyo ilikuwa imemwangusha mara mbili, na chuo kiliruhusu majaribio matatu tu.

Kilichomponza ni kazi yake. Kwa miaka tisa alipokea simu za watu ambao huanza na hujambo, wakapita kwa watoto, mvua na mgongo wa jirani, na mwisho kabisa ndipo husema, "Sasa, nilikuwa namuulizia daktari wa meno." Sikio lake lilizoea kusinzia hadi sentensi ya mwisho. Hata kwenye mtihani, aliirukia sentensi ya mwisho kama mwewe aonapo kifaranga.

Zikiwa zimebaki wiki tano kabla ya jaribio la tatu, alimsomea swali mama wa usafi wa pale zahanati, mtu wa maneno mengi na vitendawili vingi zaidi.

"Baadhi ya watu husema maktaba ifungwe Jumamosi, kwa kuwa wasomaji wa siku hiyo ni wachache. Wamekosea. Wasomaji hao hufanya kazi siku nyingine zote. Kwa hiyo maktaba ikifungwa Jumamosi, hawatakuwa na siku ya kusoma."

"Jibu ni hilo la mwisho," alisema Haloo. "Si unaona limeanza na 'kwa hiyo'?"

"Mwanangu, hiyo ni kofia tu. Hata mlinzi wetu pale getini ana kofia, na si mkuu wa polisi. Jibu ni 'wamekosea'."

"Kaneno kamoja hako?"

"Haya, wamekosea kwa nini?"

"Si kwa sababu wasomaji hawatakuwa na siku ya..." Haloo akaisoma tena karatasi. Sentensi aliyoing'ang'ania ilikuwa sababu tu ya ile aliyoidharau.

Mama wa usafi aliegemea ufagio wake. "Kitendawili!"

"Tega."

"Wote wanambeba, yeye hambebi yeyote."

"Maiti!"

"Toa uchuro wako hapa! Ni hilo hitimisho lako."

Tangu siku hiyo, saa ya chakula ilimkuta Haloo na mkasi. Alizikata hoja sentensi moja moja, akazipanga mezani, na kila moja akaiuliza, "Wewe unambeba nani? Na nani anakubeba?" Wiki ya kwanza alikosa nyingi kuliko alizopata. Wiki ya pili macho yakawa mekundu kama pilipili.

"Mke wangu, utajiua kwa vikaratasi," alisema mumewe. "Ridhika na simu zako."

"Nitaridhika nikishindwa mara ya tatu, baba. Si kabla."

Siku ya mtihani ikafika. Katika swali la mwisho, kalamu ilikimbilia sentensi ya mwisho kwa mazoea. Haloo akairudisha. Akaiuliza sentensi hiyo inambeba nani, na ikamwelekeza juu kabisa, kwenye sentensi ya kwanza. Wenzake walikuwa wakitoka wakipiga miayo. Yeye alirudi swali la kwanza, akayapitia yote upya, akabadilisha majibu matatu. Alitoka msimamizi alipomnyang'anya karatasi.

Matokeo yalipobandikwa, alikwenda na mama wa usafi, ambaye alianza kusoma orodha ya waliofaulu kutoka juu. Uso ukaanza kumshuka. Namba ya Haloo ilikuwa ya pili kutoka chini.

"Ee, mwanangu! Umepenya kwa chini kama paka!"

"Chini, mama," alisema Haloo huku machozi yakimlengalenga, "lakini nimo ndani."

Naam, mtaka cha mvunguni sharti ainame.