Aliyebisha Hodi Mkate Ukiwa Motoni

Paukwa!

Pakawa!

Jiko limewaka?

Limewaka!

Mlango mmeurudishia?

Tumeurudishia!

Basi sogeeni. Na mtu akisikia hodi nyuma yangu, asiitikie.

Palikuwa na kijiji cha wanyama wadogo wenye adabu kupita kiasi. Ukibisha hodi, unakaribishwa. Huulizwi wewe ni nani, huulizwi unataka nini, maana kuuliza ni ushamba. Na asiyekaribishwa havuki kizingiti, hata awe na nguvu kiasi gani. Sheria nzuri hiyo, mpaka alipohamia Chatu.

Kwanza alipotea Kanga. Kesho yake, jua likiwa utosini, njia nyeupe na hakuna hata inzi, Pimbi akasikia sauti ya Kanga mlangoni: "Hodi! Ni mimi." Pimbi akafurahi. "Karibu!" Srrrr. Pimbi akapotea.

Kesho yake, jua likiwa utosini, Mwanamize akasikia sauti ya Pimbi mlangoni: "Hodi! Ni mimi." Mwanamize akafurahi. "Karibu!" Srrrr. Mwanamize akapotea.

Huyu Mwanamize alikuwa mdogo wake Bi Sange. Sange mnamjua: kama panya, ila pua ndefu isiyotulia, na macho yanayoona mengi kuliko anayosema. Bi Sange alimlilia mdogo wake usiku kucha na asubuhi nzima. Halafu njaa ikamuuma, maana kulia nako ni kazi, akawasha jiko apike kile alichokipenda Mwanamize: mkate wa nyama na jibini.

Akatoa kipande cha sarara ya ng'ombe. Msiniulize ng'ombe gani. Ng'ombe wa hadithi hii hakuwa jirani. Akaikata nyama vipande vyembamba, chwa, chwa, chwa. Akatia siagi kwenye kikaango, akatupia vitunguu, chaaaa.

Jua lilikuwa utosini.

"Hodi, dada! Ni mimi."

Ilikuwa sauti ya Mwanamize. Na kile kikohozi chake kidogo kilikuwamo.

Neno "karibu" likampanda Bi Sange mpaka ncha ya ulimi. Akauma ulimi. Maana Mwanamize hajapata kubisha hodi kwake tangu azaliwe. Mwanamize huingilia mlango wa jikoni, hufunua masufuria, hulalamika.

"Hodi, dada!"

Na chini ya sauti ile, mbali, kama mtu anayesemea ndani ya mtungi, ikatoka sauti nyingine, ndogo:

"Dada, kitunguu kinaungua."

Bi Sange akatazama kikaango. Kitunguu kilikuwa kinaungua.

Akakigeuza upesi. Kumbe mdogo wake yumo, na yu hai, na bado anasimamia mapishi ya watu. Asipofungua mlango, Chatu atakwenda zake kulala na kumsaga humo tumboni. Akifungua, watakuwa wawili humo.

"Nakuja, mdogo wangu," akaitikia. "Mikono ina mafuta."

"Fanya haraka, dada. Jua kali."

Akakaanga nyama na pilipili manga, chaaaa. Huko nje kitu kikajiviringisha kuizunguka nyumba. Srrrr. Dirisha la mashariki likawa giza.

"Hodi, dada! Bado?"

"Bado. Napaka mkate siagi."

Akapaka. Akapanga nyama, akapanga kitunguu. Srrrr. Dirisha la magharibi likawa giza. Jikoni pakabaki mwanga wa makaa tu.

"Hodi, dada! Bado?"

"Bado. Natia jibini."

Akatia jibini. Si kipande kimoja kama watu wenye kiasi. Alitia jibini yote ya nyumba. Akafunika kwa mkate wa pili, akauweka kikaangoni, juu yake sahani, juu ya sahani jiwe la kusagia.

"Siku hizi unafungulia watu kwa uvivu hivyo?" sauti ikasema, kikohozi kimesahaulika.

"Mkate huu ukiufunua kabla ya wakati, jibini inabaki mpira. Subiri iyeyuke."

Kuta zikalia, kwaa. Vumbi likaanguka kutoka darini. Bi Sange akasubiri. Jibini ilipoanza kutokota humo ndani, blup, blup, kama tope la chemchemi ya maji moto, akautoa mkate kwenye sahani, akaupepea juu na chini mpaka nje ukapoa kabisa. Ndani hakuupepea.

"Karibu, mdogo wangu."

Akafungua mlango. Kichwa kikaingia, kipana kama ungo. Srrrr.

"Umenenepa, Mwanamize."

"Ni hewa ya huko nilikokwenda, dada."

"Na miguu?"

"Nimechoka, nimekaa juu yake."

Bi Sange angeweza kucheka, kama angekuwa na nafasi. Uongo wenyewe mtu hata haufanyii bidii! Akaugusisha mkate shavuni mwake mwenyewe. "Umepoa, ona. Ila wewe unavyopenda kula taratibu, uma kidogo kid—"

"Nipe!"

Sasa, mwenye meno ya kutafuna angeuma pembeni, akaungua ulimi, akaacha. Chatu hatafuni. Chatu humeza. Gwalp! Mkate ukashuka mzima, na katikati ya safari ukapasuka.

Kwanza alipiga kelele kwa sauti ya Kanga. Halafu kwa sauti ya Pimbi. Halafu kwa sauti ya Mwanamize. Halafu sauti za kuazima zikamwishia, ikatoka yake mwenyewe, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia: nyembamba, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Akajipinda, akacheua. Akatoka Mwanamize, amelowa. Akatoka Pimbi, hana unywele. Ya Kanga yalitoka manyoya tu.

Chatu akaburura tumbo lake mpaka msituni. Hakusema kitu tena, maana hakubaki na sauti ya mtu ya kusemea.

Kesho yake, jua likiwa utosini, Bi Sange alikuwa anapika, jibini ameazima kwa jirani. Akasikia vihatua vinne vidogo, chaka chaka, vinakuja mlango wa jikoni. Vikasimama.

"Hodi, dada."

Kisu kikamwanguka.

"Mwanamize, tangu lini unabisha hodi kwangu?"

"Nimezoea, dada. Kule ndani tulikuwa tunabisha mchana kutwa."

Bi Sange hakusema karibu. Alichukua kipande cha mkate chenye jibini inayofuka, akakipitisha chini ya mlango, akatega sikio. Kimya. Kimya kirefu. Kisha, polepole:

Nyam, nyam, nyam. "Fyuu, moto! Na chumvi umezidisha."

Ndipo alipofungua, akamkumbatia. Lakini mpaka leo hamwambii karibu. Humwambia, "Tafuna kwanza."

Basi mafunzo ya hadithi, wanangu, ni haya: mgeni akibisha hodi, mkaribisheni upesi bila maswali ya kishamba. Na chakula kimezwe kikiwa cha moto.

Hadithi yangu imeiva, nimeipakua. Aliyekaa karibu na mlango akatazame nani anabisha. Mimi mikono ina mafuta.