Mlimani kwa Gia Kubwa

Mtu mmoja alikuwa na pikapu kuukuu na mke mwema, na wote wawili aliwapenda. Jina lake Ambilikile, mkulima wa ndizi huko Rungwe, ambako barabara ikimaliza kupanda inajiandaa kupanda tena. Mkewe, mama wa mtoto wao Lusajo, aliitwa Tupokigwe. Kila siku ya soko walipakia mikungu nyuma ya pikapu, wakaketi mbele bega kwa bega, wakaupanda mlima kwenda kuuza mjini. Nawaambia mapema, ndugu zangu, Ambilikile hakuwa mtu mbaya. Msije mkamhukumu kabla sijamaliza. Alikuwa mbahili wa mafuta tu, na ubahili wenyewe aliufanya kwa ajili ya nyumba yake.

Madereva wa kijiweni walimwambia kwamba gia kubwa hainywi mafuta. Akalishika neno hilo. Mahali ambapo wenzake walishuka hadi gia ya kwanza, yeye alipanda na ya tatu. Tanki alilijaza petroli ya madumu, ile rahisi iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa. Kazi ya utingo, ya kuruka chini na kuweka jiwe nyuma ya tairi gari linaposhindwa, alimpa mkewe, maana utingo hula na hudai ujira. Ikawa kila wakifika kwenye mwinuko injini inagonga, ngo, ngo, ngo, kama mtu aliyefungiwa chumbani anayepiga mlango. Na kila wakifika hapo Tupokigwe naye anasema kwamba kifua kinambana. Fundi alimweleza Ambilikile wazi kuwa injini imelemewa: ashushe gia, apunguze mikungu, aache mafuta yale. Ambilikile akacheka, akasema magari ya zamani yana maneno mengi. Mkewe akamwambia kuwa anachoka. Akamjibu kwa upole kwamba watafika tu, na kweli walikuwa wakifika.

Lakini kugonga kule kwa injini kulimkera. Basi akashindilia kipande cha blanketi chini ya boneti, na redio akaifungulia kwa nguvu, kaseti ya kwaya. Msishangae. Hata wimbo wa kumsifu Mungu unaweza kutumika kuziba masikio, na wengi wetu tumeutumia hivyo. Kelele ya injini ikazama ndani ya kwaya. Sauti ya Tupokigwe ikazama humo humo, kwa kuwa alikuwa mwanamke wa sauti ndogo. Kwa muda aliendelea kusema, akishindana na kwaya. Baadaye akaacha. Ambilikile akafurahi, akawasimulia wenzake kijiweni kwamba siku hizi safari zake ni za amani, gari limetulia na mama Lusajo ametulia.

Kisha ikaja siku ya soko ambayo ndizi zilikuwa nyingi mno. Katikati ya mlima injini ilitetemeka mara moja, ikafa. Pikapu ikaanza kurudi nyuma. Ambilikile akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, akamwambia mkewe aweke jiwe. Tupokigwe hakushuka. Akamwambia tena, kwa ukali kidogo, na mwanamke akashika mlango asiweze kuufungua. Ndipo Ambilikile alipovuta breki ya mkono, akazima redio, akamtazama. Alikuwa ameketi kando yake miaka hiyo yote, na sasa ndiyo kwanza anaiona miguu yake ilivyovimba ndani ya kandambili. Aliisikia pumzi yake, fupi, ikikatika. Akamuuliza kwa hofu mbona hakusema kitu.

Tupokigwe akamjibu, "Nilisema, baba Lusajo. Ulipoacha kusikia, na mimi nikaacha kusema."

Hakuyasema kwa hasira. Hilo ndilo lililomvunja mumewe. Akashuka, akaweka jiwe kwa mikono yake mwenyewe, akamshusha mkewe kama mtu anayeshusha mayai, akasimamisha pikipiki ya kwanza iliyopita na kumshikilia katikati yake na dereva mpaka hospitali. Mikungu aliiacha pale mlimani, na sijui nani aliila. Daktari alimwambia kwamba moyo wa mama umebeba zaidi ya uwezo wake kwa muda mrefu, ila umewahiwa. Ambilikile alikaa kwenye benchi la nje akilia bila kujificha, mwanamume mzima, na mimi nampenda kwa machozi yale.

Injini ilifunguliwa. Pistoni moja ilikuwa imetoboka, na fundi akaweka nyingine. Moyo wa Tupokigwe haukuwa na kipuri, kwa hiyo ulitunzwa polepole, kwa dawa na kwa kupumzika. Aliporuhusiwa kusafiri tena, walipanda mlima uleule na nusu ya mzigo, kwa gia ya kwanza, redio imezimwa, na utingo amekaa nyuma. Malori yaliwapigia honi, yakawapita. Mara kwa mara Ambilikile alisimama pembeni ili injini ipoe, akamuuliza mkewe anajisikiaje, akangoja mpaka ajibu. Mwanzoni Tupokigwe alijibu neno moja tu, maana aliyezoea kutosikilizwa hachukui siku moja kuzoea kusikilizwa. Na ajabu ni kwamba hata mafuta yalianza kuwafikisha mbali kuliko zamani, kwani injini inayogonga huunguza mengi na kuvuta kidogo.

Nanyi mnaorudi nyumbani jioni hii mkijisifu kwamba siku hizi kuna utulivu, nawauliza swali hili moja: huyo aliyenyamaza kwako, amepona, au amechoka kukuambia?