Pimbi Alivyomwingiza Mkiwa Ua wa Dubu

Hapo zamani za kale, wanangu, sogeeni mnisikie, wanyama walikuwa na nyumba na milango, na walipigiana hodi kama sisi.

Katika ua mpana wa Sultani, wenye bwawa na miti, waliishi dubu wawili: Mzee Kishindo na mkewe, Bi Siti. Walitekwa milimani, nchi ya mbali, pamoja na mwana wao mchanga, Sudi. Mtoto akaugua njiani. Watekaji wakamchukua mikononi mwa mama yake, na Bi Siti hakuonyeshwa hata kaburi.

Nyuma ya ukuta wa ua huo kulikuwa na kizimba chembamba. Humo alikaa dubu mdogo, Mkiwa, aliyeletwa peke yake tangu hajajua kutafuna. Sasa alikuwa amekua. Akigeuka, mgongo ulikwaruza vyuma: kwaru, kwaru!

Rafiki yake alikuwa Pimbi, kinyama kisichozidi sungura, aliyekaa kwenye nyufa za ukuta na kusikia ya huku na ya kule.

Siku moja Mkiwa akamwambia, "Babu Pimbi, mwezi ukiandama watu wa Sultani watanifungulia lango nikakae ua mkubwa! Mbona hufurahi?"

Pimbi alikuwa amemsikia Mzee Kishindo asubuhi ile akiapa: "Atakayetia mguu uani kwangu, nitamvunja shingo!" Na Mzee alipiga ukuta, puu! Vumbi likamwagika.

"Mjukuu wangu," akasema Pimbi, "nipe nyasi unazolalia."

"Za nini?"

"Dubu haamini macho. Anaamini pua."

Basi kila dubu wakubwa walipokwenda kuoga bwawani, Pimbi alikokota nyasi za Mkiwa hadi chumbani kwao, akazichomeka chini ya jamvi.

"Fuu! Fuu!" Mzee Kishindo akanusa. "Nani kalala humu?"

"Aa, Mzee!" Pimbi akajibu kutoka kwenye ufa. "Nani athubutu? Ni nyumba tu hiyo. Nyumba nayo huzeeka, ikatoa harufu."

Mzee akanung'unika, akalala. Siku zikapita, akazoea.

Bi Siti hakuzoea. Aliinamia jamvi, akanusa, akafuta machozi.

"Pimbi, hii ni harufu ya mtoto. Niambie kweli."

Pimbi akaogopa. Akisema kweli, Mkiwa atakufa. Akasema, "Ni Sudi, Bi Siti. Yu hai. Mwezi ukiandama, atarudi."

Bi Siti akaketi pale pale, akalikumbatia jamvi.

Mwezi ukaandama. Lango likafunguka, kriii! Mkiwa akasimama langoni. Hakuwa amewahi kukanyaga majani mabichi.

Mzee Kishindo akamjia mbio, meno nje. Akamnusa. Fuu! Akasimama ghafla.

"Harufu ya nyumbani," akanong'ona.

Bi Siti akampita mumewe, akamkumbatia mtoto. "Sudi wangu! Sudi wangu!"

Mkiwa akala asali, akaoga bwawani, akalala katikati yao. Lakini Pimbi alikuwa amemweleza habari za Sudi, na kila alipoitwa jina hilo, aliliweka tonge chini.

"Babu, ninakula fungu la marehemu," alimwambia Pimbi.

"Nyamaza, ule! Shingo yako nzima, wataka nini tena?"

Mkiwa hakuweza. Jioni moja, Bi Siti akimpakulia uji, Mkiwa akamshika mkono.

"Mama, mimi si Sudi. Sudi simjui. Mimi ni yule wa kizimbani, nyuma ya ukuta."

Chungu kikaanguka, pwaa! Mzee Kishindo akainuka, akanguruma, akanyanyua mkono wenye makucha. Mkiwa hakukimbia. Akainamisha kichwa.

"Baba Sudi, mwache," akasema Bi Siti.

Akaingia chumbani, akamlilia mwanawe kwa sauti, kilio ambacho hakuwahi kukilia. Mzee akaushusha mkono wake polepole, akaenda kulia naye. Mkiwa akalala nje, kando ya lango.

Alfajiri Bi Siti akatoka, macho yamevimba.

"Unaitwa nani?"

"Mkiwa."

"Sudi amekufa, Mkiwa. Nimemlilia. Uji uko motoni. Njoo ule fungu lako wewe."

Mzee Kishindo akaenda ukutani. "Pimbi! Kwa nini ulitudanganya?"

"Ningesema kweli, Mzee, ungemvunja shingo."

Mzee akayatazama makucha yake. Kisha akauliza, "Na mke wangu je? Alikukosea nini?"

Pimbi akarudi kinyumenyume ndani ya ufa wake.

Basi, wanangu, hila humfungulia mgeni lango, lakini ukweli ndio humpa pa kukaa.