Pete Iliyolegea

Ndugu zangu, kulikuwa na mpiga picha katika mji mmoja mdogo. Simu zilishamnyang'anya wateja karibu wote, lakini yeye aling'ang'ania kamera yake ya filamu, kuukuu, nzito kama tofali. Lenzi yake ya asili ilipovunjika, alipachika ya kampuni nyingine kwa pete ya chuma ya kuunganishia. Ikakaa. Akaendelea na kazi.

Siku moja akaja mjane aliyetoka kumaliza arobaini ya mumewe, pamoja na binti yake wa pekee, wapigwe picha. Filamu iliposafishwa, kushoto kwa binti palionekana kitu cheupe, kirefu, kisicho na uso. Mpiga picha hakuwahi kuona kitu kama hicho. Mjane naye akaivuta picha karibu na macho.

"Ni yeye," akanong'ona. "Tazama bega lilivyoinama. Ni mume wangu."

Habari zikaenea, waliofiwa wakaanza kumiminika. Kila picha ilikuwa na weupe wake, na kila mtu alimtambua marehemu wake. Mpiga picha, ambaye jana alikuwa hata hasalimiwi, sasa anapishwa njia. Nani kati yenu angechukia?

Asubuhi moja anaifuta kamera, akasikia lenzi inacheza. Akaifungua. Lenzi ni nzima, kamera ni nzima. Kilicholegea ni ile pete. Skrubu moja ilishadondoka, mbili zinaning'inia, na mwanga ulikuwa unapenya ubavuni na kuunguza filamu. Basi! Hapakuwa na marehemu wala nini. Bisibisi ilikuwa palepale mezani, kazi ya dakika mbili. Mnadhani aliikaza?

Aliiacha. "Kwani namdhuru nani?" akajiambia. "Watu wanafarijika."

Wiki chache baadaye akasikia kwamba binti wa yule mjane ana homa kali, siku ya tatu hali chakula. Moyo ukamlipuka. Akarudishia skrubu iliyodondoka, akazikaza zote, akakimbia na kamera yake mpaka kwa mjane.

"Mama, mbona hujampeleka hospitali?"

"Nishindane na baba yake?" mjane akajibu kwa utulivu wa kutisha. "Si wewe uliyenionyesha alivyokuja kumsimamia mwenyewe?"

Mpiga picha akamweleza yote. Akamfungulia pete, akamwonyesha palipokuwa pamelegea, akaomba radhi mpaka machozi yakamtoka. Mama akamtazama tu, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Basi akaikaza tena pete, akampiga binti picha pale pale kitandani, akakimbia kuisafisha, akarudi nayo ingali mbichi. Picha safi kabisa: binti, shuka, ukuta. Pembeni hapana kitu.

Mjane akaipokea. Mpiga picha akangoja matusi; angeyapokea kwa furaha. Lakini mama akatabasamu.

"Kweli, hayupo tena pembeni," akasema. "Ameshaingia ndani yake."

Majirani walimnyakua binti kwa nguvu wakamkimbiza hospitali. Walichelewa. Alizikwa kesho yake.

Mnanung'unika. Mnasema, mwovu mkubwa yule! Haya, na sisi je? Uliota ndoto ya kawaida, wenzako wakasema una maono, ukanyamaza kwa sababu ilikupendeza. Ulimwombea mtu akapata nafuu, wewe unajua alimeza dawa za daktari, na hukusema. Hata mimi ninayesimama hapa nimewahi kupokea sifa nisiyostahili nikaiita neema. Tunadhani ukweli utatungoja mpaka siku tutakayokuwa tayari. Ukweli unangoja, ndugu zangu. Anayetuamini hangoji. Anajenga maisha yake juu ya kile tulichonyamazia, na siku tukifungua kinywa, maneno yetu hayamfikii tena.

Kuna mtu anakuamini kwa jambo ambalo wewe unajua si kweli. Sura yake imeshakujia, usitazame chini. Ibada ikiisha, usije kunipa mkono mimi. Nenda kwake kwanza, angali anaweza kukusikia.