Imamu Aliyeshindwa Kuomba Mvua

Inasimuliwa kwamba katika zama za wema waliotangulia, mwendo wa siku nne kutoka Basra, palikuwa na kijiji kilichoitwa Wadi Samur, na imamu wake alikuwa Sheikh Numair bin Rashid, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa elimu nyingi na maneno machache. Miaka saba alikaa mjini akisoma mantiki, akarudi na sanduku la vitabu. Wanakijiji walijivunia sanduku lile, ingawa hapakuwa na hata mmoja aliyejua kilichomo.

Basi mvua ikakatika miaka mitatu. Kisima kikawa kinatoa tope, mifugo ikabaki ngozi na mifupa. Wazee wakakata shauri kwamba mwaka ule ukipita vivyo hivyo, watahama na kuyaacha makaburi ya baba zao. Wakamwendea imamu, wakamtaka awaswalishe Swala ya kuomba mvua. Alikubali, lakini uso ulimsawijika, nao hawakujua kwa nini.

Wakafunga siku tatu. Siku ya nne, jua lilipopanda angani kiasi cha urefu wa mkuki, walitoka wote hadi uwanja wa nje ya kijiji, kwa unyenyekevu na nguo zilizochakaa, kama ilivyo ada. Waliwatenga wana-kondoo na mama zao ili walie, kwani huenda Mola akawarehemu waja kwa kilio cha wanyama wasio na dhambi. Uwanja mzima ukajaa milio yao.

Sheikh Numair akasimama mbele. Hakuelekea kibla. Aliwageukia watu, akalivua joho lake ili amkabidhi mzee Bishri, mkubwa wa kijiji, ajiuzulu pale pale. Sasa, waijuao Swala hii wanajua kwamba imamu hupindua joho lake, la ndani likawa nje, na watu humfuata, wakimwomba Mola ageuze hali yao. Mahali pake ni baada ya swala, lakini mwenye kiu hangoji mpangilio. Walipoona imamu kavua, safu zote zikavua, zikapindua! Sheikh alipoinua macho aliona bitana tupu: viraka vya magunia, mishono ya nyuzi za kila rangi, umaskini wote ambao kila mtu alikuwa ameuficha kwa ndani. Machozi yakamtoka.

"Ndugu zangu," akasema, "rudisheni nguo zenu. Mimi sifai kuwaswalisha. Mwaka mzima sasa najiuliza kama yuko anayesikia. Hoja ninayoisimamisha mchana, alfajiri naikuta imelala chini. Nimeliweka paji hili ardhini mbele yenu, nami sijui namsujudia nani. Leo mna kiu ya kweli, siwezi kuwatangulia kwa moyo wa uongo. Mzee Bishri, shika joho hili, uswalishe wewe."

Watu wakapigwa na butwaa. Kisha sauti zikapanda: "Amekufuru! Kumbe ndiyo maana mvua imetukimbia!" Mmoja akainama akaokota jiwe, na wengine wakamfuata. Tusiwalaumu upesi, kwa kiu ile, pengine nami ningeokota.

Hapo Bibi Umaima, mjane aliyebakiwa na kondoo mmoja tu, akatoka safu za wanawake. Alipita katikati ya wanaume, bakora mkononi, mpaka mbele ya imamu.

"Mwanangu," akasema, "mimi sikusoma, hebu nikuulize. Shaka hii ulimwambia nani kabla ya leo?"

"Sikumwambia mtu, mama."

"Na ungeswalisha ukanyamaza, nani angejua?"

"Hakuna ambaye angejua."

"Mvua isiponyesha, tungesema ni dhambi zetu. Ikinyesha, tungekubeba mabegani. Sasa ulimwonea haya nani?"

Sheikh akasema kwa sauti ndogo, "Labda niliionea haya nafsi yangu."

Bibi akatikisa kichwa. "Nafsi naijua, mwanangu, nimeishi nayo miaka sabini. Nafsi hukwambia funika, linda jina lako, kula mkate wako. Haijapata kumwambia mtu asimame mbele ya mawe. Mantiki siijui. Najua tu kwamba mtu haoni haya mbele ya nyumba tupu."

Wasimulizi wanasema mwili ulimsisimka Sheikh. Mtu huyu aliyejadiliana na mabingwa wa mjini alitazama kulia na kushoto, kama aliyedhani yuko peke yake chumbani akasikia pumzi ya mwingine. Mawe yakawaponyoka watu mikononi, kwa kuwa hofu iliyomshika yeye iliwashika na wao. Kisha akavaa joho lake, akaelekea kibla, akaswalisha rakaa mbili. Ilipofika dua aliinua mikono, akasema:

"Ewe ambaye nilikuonea haya kabla sijakujua, leo sina hoja. Watu hawa wana kiu."

Uwanja wote ukaitikia Amina.

Sheikh Numair hakuvichoma vitabu vyake, na shaka ilimrudia siku nyingine, yeye mwenyewe hakuficha. Lakini alizoea kuwaambia wanafunzi wake: "Zamani nilikuwa nikiuliza habari Zake. Sasa namuuliza Yeye."

Ama kuhusu mvua, wasimulizi wamekhitilafiana. Wako wasemao ilinyesha kabla watu hawajafika majumbani, na wako wasemao zilipita kwanza siku kumi na moja. Wote wanakubali kwamba kijiji hakikuhamwa. Nilipokuwa mwanafunzi nilimsumbua mwalimu wangu anieleze ipi ndiyo sahihi. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mtu amekutana na Mwenye mvua, nawe waniuliza habari za matope?"