Njuga za Mwatumu

Nitegeeni masikio, wenzangu. Zimwi lilimvika Mwatumu njuga miguuni, asitokee wa kucheza ngoma kama yeye. "Ukizivua," likamwambia, "hutacheza tena."

Kombo akapeleka posa. "Angoje nicheze msimu huu," Mwatumu akajibu. Posa ya pili, angoje. Posa ya tatu, angoje, na uwanja mzima ukamshangilia.

Mwaka wa nne alichoka kupika chungu cha mtu mmoja. Akazivua njuga, akazitupa kisimani, akaenda kwa Kombo mwenyewe. Akakuta ua umepambwa.

"Afadhali umekuja," Kombo akamwambia. "Bibi harusi wangu anaomba umchezee."

Ngoma zikalia, miguu isiinuke. Ngano yangu inaishia hapo aliposimama, nami sina pa kumpeleka.