Chumvi ya Damu

Kule Newala, juu uwandani, maji ni adimu, na kumpa mtu maji ni heshima. Ndiyo maana Dorika aliposhuka Chiungutwa kumuuguza dada yake Scholastika, aliyepasuliwa uvimbe wa ubongo Dar es Salaam siku tisa nyuma, alimnywesha jagi baada ya jagi. "Kunywa, dada. Sisi kule tunapima kwa kikombe."

Mume wa Scholastika, mzee Kasiani, alijifunza kusoma ukubwani, darasa la jioni, akiwa tayari babu. Hakuona haya kuuliza. Siku mkewe aliporuhusiwa, alimfuata muuguzi hadi mlangoni, kidole juu ya neno moja kwenye karatasi ya ruhusa. "Samahani mwanangu, sodiamu ni mdudu gani?" Muuguzi alicheka, kisha akamweleza: ni chumvi ya damu. Baada ya upasuaji wa ubongo mwili huweza kuyazuia maji, chumvi hiyo ikazimuliwa, na mgonjwa akachanganyikiwa hata kupoteza uhai.

Asubuhi moja Kasiani alirudi kutoka kuokota korosho, akamkuta mkewe ametapika, anashika kichwa, anamwita kwa jina la kaka yake marehemu. Akaikumbuka chumvi ya damu, akaitia karatasi mfukoni.

"Uchovu tu," alisema Dorika. "Tumwongeze maji."

"Maji basi, shemeji. Tunakwenda Masasi."

"Umeshakuwa daktari? Cheti cha darasa la jioni kimekupanda kichwani."

"Kikae wapi kingine? Miguuni?"

Hospitalini, daktari kijana alimwamkia, akaanza kuandika kipimo cha malaria. Kasiani akakunjua karatasi yake. Watu kwenye benchi walitazamana: mzee wa kandambili anamhoji daktari.

"Marahaba, mwanangu. Mimi si msomi, nauliza tu. Na sodiamu mtampima?"

Daktari aliisoma karatasi, kisha akaagiza damu ichukuliwe upesi. Majibu yalionyesha chumvi imeshuka vibaya mno. Maji ya kunywa yakapunguzwa, Scholastika akawekewa dripu ya chumvi, polepole, chini ya uangalizi, maana kuipandisha kwa pupa nako huumiza ubongo.

Siku ya tatu Scholastika alimtazama mumewe juu hadi chini. "Baba Yoeli, mbona vifungo vya shati umevipishanisha?"

Kasiani hakuvirekebisha. Alitembea navyo hivyo hivyo wodini, kifua mbele kama jogoo.

Dorika akamsogelea, macho chini. "Shemeji, na mimi nina swali. Hilo darasa la jioni bado wanaandikisha?"

"Wanaandikisha, shemeji," alijibu Kasiani. "Umekwisha kulianza, maana kuuliza si ujinga."